Matangi Mapya ya Tajiri

Tangi la kwanza lilitoka, kitako chake kikabaki.

Tajiri alisimama katikati ya boti, mkononi ameshika bati lisilo na chini, petroli ikimchuruzikia kwenye viatu vyake vya ngozi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Si nguo ya kazi ile, lakini kazi ile haikuwemo kwenye mipango yake. Alipanga kuvuta kamba ya injini, kuvuka ziwa, na kushuka mbele ya wakwe zake akiwa nadhifu. Injini ilikohoa kidogo, ikanyamaza.

"Hayo matangi yameoza siku nyingi," alisema mama mmoja aliyekaa gatini juu ya kreti, akichambua maharage kwenye ungo.

"Nimeona, mama."

"Umeona leo. Sisi wa hapa tunayaona kila siku. Ulipotelea wapi?"

"Safari, mama. Mambo ya biashara," alijibu bila kuinua uso.

Jina la Tajiri alijibandika mwenyewe, na huko ng'ambo walimwita hivyo kwa kicheko. Alipokwenda kuposa, alisema ana boti. Baba wa binti aliguna tu. Tangu hapo kila alipofika kwa basi aliulizwa boti iko wapi, naye kila mara alikuwa na sababu: mara injini iko kwa fundi, mara watu wameikodi. Mwishowe mchumba wake akamwambia waziwazi, "Baba amechoka na mimi nimechoka. Njoo nayo, au usije." Leo ukoo mzima ulikuwa umeitwa ufukweni.

Tangi la pili lilikuwa na tundu dogo. Tajiri akatoa kipande cha sabuni mfukoni, akaanza kuziba.

"Sabuni!" Mama aliweka ungo chini. "Ukiwaka moto katikati ya maji utakimbilia wapi, mwanangu? Duka la vifaa lile pale. Kanunue jipya."

Tajiri alitazama duka, akatazama ng'ambo. Bahasha ya zawadi ya wakwe ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Akajipa moyo: atakayeshuka na boti, nani atamdai bahasha? Akaenda. Alirudi na tangi moja la plastiki, jekundu, likinuka upya.

"Moja?" mama alishangaa. "Boti ya matangi mawili unainunulia moja? Hilo likiisha utapiga mbizi?"

Akarudi dukani.

Aliporudi mara ya pili, na tangi jingine na dumu la petroli, alikuta mama amesogeza kreti lake karibu zaidi, na hakumwacha apumue. Petroli asiimimine tangi likiwa ndani ya boti, alisema, alishushe gatini. Asijaze mpaka mdomoni. Mpira wa zamani wa kupitishia petroli umepasukapasuka, autupe. Tajiri akatii, akaenda dukani mara ya tatu, bahasha ikabaki karatasi tupu. Alifunga mpira mpya, akahakikisha mshale ulio kwenye pampu ya mkono unaelekea kwenye injini, akayakaza matangi kwa mikanda yasiteleze. Shati sasa lilikuwa na rangi tatu.

"Na makasia yako chini ya kiti cha mbele," mama alisema. "Yatazame kama hayajaoza nayo."

Tajiri aliinama. Kweli yalikuwapo.

"Mama, wewe ungekuwa nahodha!"

"Ningekuwa nini, na umri huu." Akacheka. "Kalegeze kile kifuniko tangi lipumue, halafu uvute kamba."

Alivuta mara moja tu. Injini ikanguruma, kisha ikatulia na kuimba. Tajiri alipiga kofi la furaha, akaruka kama mtoto, boti ikayumba. Hakuwahi kutengeneza kitu kikatengenezeka.

"Unaelekea ng'ambo?" mama aliuliza, akimimina maharage kwenye kapu. "Basi nipakie. Nimekutolea jasho la mdomo asubuhi nzima."

Angemkataliaje? Akamshika mkono, akamkalisha mbele kwa heshima zote. Njiani upepo ulimpiga usoni, naye akajihisi mwanamume kamili.

"Inakwenda kuliko zamani," mama alisema.

"Nimeihangaikia, mama. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

Wakwe walikuwa wamejipanga ufukweni. Mashangazi walipiga vigelegele kabla boti haijagusa mchanga. Tajiri alizima injini, akaruka majini na suruali yake, na mchumba wake akamkimbilia bila kujali shati. Baba mkwe alikuja polepole, akaizunguka boti, akabonyeza tangi moja kwa kidole, akabonyeza na la pili.

"Unanuka petroli," alisema.

"Ndiyo harufu ya boti, baba."

Mzee alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akamwekea mkono begani. "Tulikudhania mtu wa maneno, mwanangu. Utusamehe. Na huyu mama uliyekuja naye?"

"Abiria tu, baba. Nimemsaidia kuvuka."

Mama hakuwa ameshuka. Alikuwa amehamia nyuma, kapu miguuni, mkono mmoja umeshika usukani wa injini na mwingine kamba ya kuiwashia.

"Hongereni kwa kupata mkwe," aliwaambia wote, akitabasamu. "Nimekaa asubuhi nzima nikimtazama akiiba boti yangu, na sijapata kuona mwizi mwenye roho nzuri kama huyu."