Mwendo wa Bi Zamzam

Tangu funguo zilipoachwa, milango ya Makorora ilimtambua mtu kwa mwendo wake. Ndiyo maana kila Jumamosi Bi Zamzam alifundisha bure kwenye shule yake ya ngoma. Waliokuja ni majirani walioumwa kiharusi au magoti hata mwendo wao ukabadilika. Aliwachezesha taratibu mpaka nyumba zao zikawakubali tena.

Siwema, mwanafunzi mgeni, alimtia wasiwasi. Alidai anaumwa nyonga, lakini kiuno kilimzunguka vizuri tu, na macho yake hayakubanduka kwenye miguu ya mwalimu.

"Mwenzangu, zamani ulikuwa unatembeaje?" Bi Zamzam alimuuliza.

"Kama wewe, mwalimu."

Wengine wakacheka. Bi Zamzam hakucheka. Siku hiyo Siwema aliaga mapema, ngoma bado inalia, akatoka akiburuta kidogo mguu wa kushoto. Bi Zamzam akajilaumu kwa kumshuku mgonjwa.

Jioni alifika kwake, na mlango haukufunguka. Akarudi nyuma, akaukaribia tena polepole, akiburuta kidogo mguu wake wa kushoto kama siku zote.

"Bi Zamzam ameshaingia," mlango ukasema.