Uzi Juu ya Ramani

Katika mji ule, aliyeomba maziko yangoje na saa ikapita bure, hulifukia kaburi peke yake. Mwalimu Zefania aliomba, kwa kuwa binti wa marehemu alikuwa angani, ndani ya ndege akirudi nyumbani. Mwalimu alikuwa amenyoosha uzi juu ya ramani, kiwanja cha ndege hadi kiwanja cha ndege: kilomita elfu tisa, mwendo wa saa kumi na moja. Binti angefika saa nane.

Saa kumi jeneza likateremshwa bila yeye.

“Mwalimu, uzi wako haukushuka njiani kungojea ndege ya pili?” mchimba kaburi akamwuliza.

“Hilo sikulihesabu, ndugu yangu.”

“Basi, beleshi hili hapa.”

Akavua koti, akafukia bila kupumzika. Ulipobaki udongo wa beleshi moja, akaketi kando yake, akaitazama barabara ya kiwanjani.