Kifuko cha Karabai

"Dada, giza linaingia na hiyo taa bado hujawasha," Wakonyo akaniambia. "Ama unataka tuombe tukikanyagana?"

Akina mama wengine wakacheka kule hemani. Tulikuwa tumepiga kambi ya maombi nyuma ya mtaa wa Witeithie, na wao ndio walioniambia nilete karabai ya marehemu mume wangu, kwa sababu taa za chemni huzimwa na upepo.

Mafuta nilikuwa nimetia. Nikainua kioo nikiangalie kile kifuko kinachotoa mwanga. Kikishawashwa mara ya kwanza kinabaki jivu tupu lililosimama, ukiligusa linaanguka. Hiki alikifunga na kukiwasha mume wangu mwenyewe, jioni ya mwisho kabla ya kulazwa hospitali. Tangu hapo karabai haikuwa imewashwa. Njia yote kutoka nyumbani Landless nilikuwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Sasa kifuko kilikuwa na tundu. Ukiwasha hivyo, moto unatokea hapo na kupasua kioo.

"Ngai, si utoe hicho uweke kipya?" Wakonyo alininyooshea pakiti ya vifuko vipya, kisha akaniangalia usoni. "Ni chake?"

"Ni chake."

"Basi tutaomba gizani, dada. Mungu anatuona."

Nyuma yetu mama mmoja mzee alijikwaa kwa kamba ya hema, akaanguka, akasema hajaumia.

Nikasogeza uso karibu na karabai, nikafumba macho, nikakipuliza kile kifuko mpaka jivu likaanguka.