Chai ya Matanga

Siku ya pili ya matanga ya Sudi, aliyepigwa risasi kwenye mgomo wa kiwanda cha sukari, kiwanda kilileta gunia la sukari kama rambirambi. Mji mzima ulikuwa umeapa kutonunua sukari yake.

"Hii hatukununua, wifi," alinong'ona Mwanasha, shangazi yake Sudi. "Utawanywesha wageni shubiri? Watatusema mpaka kwao."

Bi Zuwena, mama yake Sudi, alilitazama gunia. Mwanawe hakupenda mgeni aondoke kwao na kinyongo.

"Lirudisheni," alisema, akamimina chai vilevile ilivyo, bila sukari.

Bi Salama, mpenda sukari kuliko wote mtaani, alionja, akakunja uso.

"Chungu hii, mwanangu," alimwambia Bi Zuwena, akanywa tena.

Mkekani vikombe vikaanza kuinuliwa. Hakuna aliyeomba kijiko cha sukari.