Kitovu Chenye Fundo

Bibi Mikasi alipofuta chupa ya kwanza kwa spiriti, jina lilibaki kwenye pamba. Akafuta ya pili kabla akili haijaukamata mkono, nayo ikabaki tupu. Chupa mbili, vitovu viwili, na wino wote uko kwenye pamba moja.

Maabara nzima ilimwita Bibi Mikasi, maana hakuna aliyekata kitovu kama yeye. Hukipasua, hutoa mishipa, hukatakata nyama yake laini vipande vidogo kama punje za mchele, kisha huvilaza penye joto mpaka seli shina zitambae nje. Hizo ndizo zinazogandishwa benki, akiba ya mtoto kwa siku atakayougua.

"Kipi cha nani?" mkuu wa maabara aliuliza.

"Chenye fundo ni cha mke wa mwalimu. Kingine cha mke wa seremala. Nilivipokea kwa mikono yangu."

"Mikono hiyohiyo iliyofuta majina?"

Bibi Mikasi aliifumbata pamba kiganjani.

"Tutapima," mkuu alisema. "Ukiwa umekosea, mama, utatafuta pengine pa kukatia. Mtoto hapewi akiba ya jirani."

Wodini, watoto wote wawili wakatolewa tone la damu kisiginoni ili lilinganishwe na vitovu. Bibi Mikasi aliendelea na kazi, akimwomba Mungu kila alipofunga mlango wa mashine ya joto. Seli zikatambaa. Majibu yakaja.

Chenye fundo kilikuwa cha mtoto wa seremala.

"Umeona?" Mkuu hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nimeona. Macho yamezeeka, na kichwa kimeyafuata." Alivua koti, akalikunja, akaweka mikasi juu yake. Sasa hata yeye aliamini kwamba alikosea.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mke wa mwalimu, kichanga kimelala kifuani pake.

"Shikamooni. Tumeruhusiwa, nikaona si vizuri kuondoka bila kuwaaga wanaotutunzia akiba. Mwenzangu, mke wa seremala, hakuweza kupita, mumewe alimfuata mapema, wana safari ndefu."

"Marahaba, mwanangu," Bibi Mikasi alijibu bila kuinua macho.

"Nina ombi, ila mtanicheka." Yeye mwenyewe alianza kucheka. "Kile kitovu, lile fundo lake bado lipo? Nilitaka baba yake alione. Mkunga alininyanyulia kabla hajakikata, mtoto yuko juu ya tumbo langu, akaniambia, tazama, mama, fundo hili lingekaza tungelia leo. Ndipo wakamchukua wakamwoshe pamoja na yule wa mwenzangu."

Mkuu alitazama majibu yaliyokuwa mezani, kisha akamtazama mtoto.

Bibi Mikasi alivuta kiti taratibu, akakiweka mbele ya mama yule.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Mwenzako alikuambia wanakwenda wapi?"