Hodi ya Tatu

Siku hizi, kila mwaka kambi ya jeshi la kigeni hubisha hodi kwa jirani yake wa karibu. Hodi tatu zisipoitikiwa "karibu," wanajeshi hufungasha na kurudi kwao.

Kaburi la mume wa jirani huyo, Nyanya Kananu, lilikuwa ndani ya ua wa kambi.

"Hodi! Hodi!" aliita Kapteni Anders, yule aliyewahi kumbeba Kananu hadi hospitali. "Hodi, Nyanya!"

"Nyanya, umekuwa bubu?" mjukuu wake akanong'ona.

Kananu hakuitika. Kapteni akainama, akageuka.

"Kambi nimeinyamazia," Kananu akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini wewe, mwanangu…" Akasita. Kinasa sauti kifuani pa kapteni, cha kurekodi jibu lake kwa kambi, kilikuwa bado kinasikiliza.

Kapteni akakizima. "Sasa sema, Nyanya."

"Karibu chai."