Treni ya Doto

Esteria alizipindua treni mbili za kuchezea, akatazama chini zimetengenezwa wapi.

"Hii ya Mjerumani, chuma kitupu," alisema muuza mitumba wa mnadani Bariadi. "Hiyo ya Mchina, plastiki. Tangu mambo yawe ruksa, kila takataka inaingia."

"Nina mapacha. Akipewa Kulwa, na Doto lazima apewe."

"Basi subiri, mnada ujao nikuletee ya chuma nyingine, zilingane."

Esteria alisugua gurudumu la chuma. Kidole kikatoka na kutu. Akakifuta kwenye kanga, polepole, mpaka wekundu ukaisha.

"Nipe hizi hizi. Ya chuma ni ya Kulwa."

"Doto si atalia, mama?"

"Ya Doto naiweka kaburini kwake. Plastiki haishiki kutu."